Nusu ya Ulimi na Wageni wa Desemba

Kama umeambiwa wiki hii kwamba ulimi wako utakatwa, najua unachojiuliza, kwa sababu nilijiuliza hayo hayo: utakatwa wapi, utabaki kiasi gani, na hicho kitakachobaki kitafanya kazi gani. Mambo ya kidaktari siwezi kukujibu. Mimi ni mkulima wa chai huku Kimulot na mzee wa kanisa, na nilitolewa karibu nusu ya ulimi. Nakuandikia kwa sababu mkono wangu hauna shida, isipokuwa kovu moja ambalo nitalieleza. Kwa mdomo ningekuchosha.

Ilianza Januari, wakati wa jua, majani yakiwa machache shambani. Kidonda kidogo kilitokea upande wa kulia wa ulimi. Nilidhani nimejiuma nikila. Nikasukutua kwa maji ya chumvi, na Rael, mke wangu, akasema ni lile jino langu lililovunjika linanikwaruza. Tukaenda mjini, jino likasuguliwa likawa laini kabisa, na kidonda kikabaki pale pale. Mvua ya Machi ilipoanza kunyesha kila alasiri, kilikatwa kipande kikapelekwa kupimwa. Siku ya majibu daktari alizungumza nasi kwa upole sana. Maneno yake yote yamenitoka, ila nakumbuka kwamba viatu vyake vilikuwa na matope mekundu kama vyangu, nami nikashangaa alikuwa ametembea wapi.

Nilisubiri niogope. Hofu haikuja. Hilo ndilo jambo la kwanza ninalotaka ujue: unaweza usihisi kitu chochote. Watu wa kanisani walimwambia Rael kwamba nina imani kubwa, kwamba ninabeba msalaba wangu kimya. Haikuwa imani. Ilikuwa ganzi, na ilinishika kabla hata ya daktari kunigusa.

Upasuaji ulifanywa Aprili. Walitoa upande wa kulia wa ulimi, wakatoa tezi za shingoni, wakachukua ngozi ya mkono wangu wa kushoto wakazibia pengo mdomoni. Niliamka nikiwa na tundu kooni na mpira puani, uso umevimba hadi Rael alipoingia wodini alinipita akaenda kuangalia kitanda cha pili. Aliporudi alinishika mguu. Alishika mguu kwa sababu ndio peke yake aliokuwa na uhakika ni wangu.

Sasa lile la kovu. Ile ngozi ya mkono ilikuja na nywele zake. Wiki zilipopita zikaanza kuota mdomoni mwangu, juu ya ulimi, kama vile bado ziko mkononi. Hakuna aliyekuwa ameniambia, au waliniambia nikawa naangalia viatu. Ukizihisi usipige kelele. Kwangu mionzi iliziua.

Mionzi nilifanyiwa Nakuru, Juni hadi Julai, nikikaa kwa shemeji yangu, dada yake Rael. Kwanza waling'oa meno ya nyuma. Kisha walinitengenezea kifuniko cha plastiki cha uso wangu, wakanifunga nacho mezani nisitikisike. Kila asubuhi tulikaa kwenye benchi lile lile, wagonjwa wa shingo na koo, tumejifunga skafu, na hakuna aliyezungumza na mwenzake. Nesi mmoja alisema benchi letu ni tulivu kuliko kanisa. Tulicheka kwa pua.

Mdomo ulikauka. Shingo ikawa nyeusi, ngozi ikachubuka. Ladha ilikwenda. Shemeji alinipikia chai ya maziwa, majani ya kwetu niliyomletea mwenyewe, nikanywa kitu cha moto kisicho na jina. Nimelima chai tangu utotoni. Niliweka kikombe chini nikasubiri nihuzunike, na huzuni nayo haikuja.

Lakini huyo shemeji nitamshukuru mpaka nife, kwa jambo dogo tu. Watu wengi wakiona huongei vizuri, hudhani pia husikii. Wanakupigia kelele. Wanakueleza mambo polepole kama mtoto. Yeye alizungumza nami kwa sauti yake ya kila siku, na nisipojibu aliendelea na kazi zake.

Agosti nilirudi nyumbani. Tundu la kooni lilikuwa limefungwa, mpira umetolewa, na nilikuwa nakula uji, boga lililopondwa, na ugali uliolainishwa kwa maziwa. Mursik, maziwa yetu ya kibuyu, yalipita vizuri kuliko vyote, ila upande wa kulia wa mdomo na kidevu ulikuwa umekufa. Kitu kikinichuruzika sikujua. Kwa hiyo Rael alibuni ishara: tukiwa na watu, akinigusia kidevu chake mwenyewe, mimi nachukua kitambaa nafuta changu. Hatukuwahi kukubaliana. Alianza tu, nikafuata.

Kuongea nilikuwa naongea, kwa namna yangu. Maneno yalitoka mazito, yamelowa, kama mtu mwenye kiazi moto mdomoni. Nyumbani hatukuwa na shida. Nikisema kitu, Rael anamgeukia mgeni: "Amesema ng'ombe ameshakunywa maji." Jirani akija: "Anasema mbolea haijafika." Baada ya muda watu waliacha kuniangalia. Waliniuliza swali huku wakimtazama yeye. Na mimi nikaacha kumaliza sentensi, kwani angezimalizia mwenyewe.

Mwezi huo huo binti yetu Cheptoo, anayefundisha shule ya msingi huko Kipkelion, alituletea habari. Kulikuwa na kijana, Kiprono, na wazee wa kwao walitaka kuja Desemba kwa koito.

Kama si mtu wa kwetu nikueleze. Koito ni siku ambayo watu wa mvulana wanakuja kwenu kuomba msichana. Wanaketishwa, na baba mwenye boma ndiye anayewauliza: nyinyi ni nani, mmetoka wapi, ni watu wa oret gani, yaani ukoo gani. Lazima oret zijulikane mapema, isije ikawa watoto ni ndugu. Katika familia yetu anayeuliza ni baba mzazi. Ndugu yake huuliza kama baba amekufa. Mimi mwenyewe niliuliza wakati wa binti za marehemu kaka yetu mkubwa, nikiwa nimekaa kwenye kiti chake.

Siku chache baadaye nilikuwa nyuma ya nyumba nikinoa kisu cha kupogolea chai, nikamsikia mdogo wangu Wesley jikoni akiongea na Rael.

"Hiyo siku mimi nitauliza," alisema. "Tusimwaibishe mzee mbele ya watu."

"Umemwambia?" Rael akauliza.

"Nitamwambiaje? Ataelewa tu."

Nilimsikia Rael akifunika sufuria. Niliendelea kunoa kisu. Sikukasirika, na hilo ndilo lililonitisha. Mtu anapanga kukaa kwenye kiti chako ukiwa umekalia kiti kile kile, nawe unanoa kisu. Nikajiuliza kama walikata ulimi peke yake.

Septemba nilikuwa na miadi ya kliniki, na safari hii daktari alinielekeza chumba kingine, mwisho wa ukumbi, kwa mtaalamu wa matamshi. Sikujua kuna kazi kama hiyo. Alikuwa mama kijana, mzaliwa wa Nyeri, jina lake Nyambura. Alimwambia Rael aketi karibu na mlango.

"Mzee arap Langat, leo nataka wewe ndio uongee," alisema. "Mama atapumzika."

Rael alikunja mikono. Alionekana kama mtu aliyenyang'anywa mzigo njiani bila kuombwa.

Nyambura alinipima. Toa ulimi. Peleka kulia, peleka kushoto. Jaza mashavu hewa, nikibonyeza usiiachilie. Hewa ilitoka pembeni na mate kidogo, akanipa kitambaa bila kusema pole. Akanionyesha kadi za maneno nisome: pata, bata, tano, dakika, gari, kari. Akawa anaandika, uso umekunjamana.

"P na b zinafanana," alisema. "T na d pia."

Rael alishindwa kunyamaza. "Hiyo usimhesabie daktari. Hiyo alizaliwa nayo. Hata mimi, ni lugha yetu."

Nyambura alicheka mpaka akafuta macho, na akaanza upya, safari hii akimuuliza Rael kila mara: kabla ya ugonjwa alikuwa anasemaje? Ndipo ikaonekana ni nini kisu kilichukua na ni nini sikuwa nacho tangu mwanzo. R ilikuwa imekwenda. S na sh zilivuja. K ilikuwa inakwama nyuma.

Kisha akasema niongee chochote, maneno mengi, kwa mwendo wangu. Hapo nilijiamini. Mimi ni mzee wa kanisa. Nilifunga macho nikasema Baba Yetu, tangu mwanzo hadi Amina, polepole, sikuruka neno. Nilipofungua macho Rael alikuwa anatabasamu, na mimi nikamwambia Nyambura kwamba Desemba nina wageni, nataka kuwauliza maswali mwenyewe, nikamuuliza kama anaona naweza.

Aliweka kalamu chini. "Mzee, nikuambie ukweli?"

Nikatikisa kichwa, ndiyo.

"Hiyo sala hata ungeipiga mluzi ningeijua. Nilikuwa nasema na wewe ndani ya moyo. Sijui kama nimesikia mdomo yako ama nimesikia kumbukumbu yangu."

"Mimi nimesikia yote," Rael akasema.

"Wewe mama umeishi na yeye. Hata akikohoa unajua anataka nini. Nataka mtu hamjui."

Alitoka, akarudi na mwanamke mmoja kutoka benchi la kusubiri. Alikuwa ametoka Mulot, amemleta mama yake mgonjwa, leso begani, na alituambia wazi kwamba ana haraka. Nyambura alimketisha akitazama ukuta, akanipa kadi zenye sentensi za ajabu. "Sufuria inapanda mlima na koti." "Mwalimu ameosha kuku wa kijani." Sentensi ambazo mtu hawezi kuzikisia, alinieleza, ndizo zinazosema ukweli.

Nilisoma. Yule mama wa Mulot alisikiliza kwa bidii, nakiri hivyo.

"Amesema kuku," alisema. "Ama kuku, ama kitu kama kunguru." Nilisoma nyingine. "Hiyo sijashika." Nyingine. "Huyu mzee anaumwa? Mpatieni maji." Alipomaliza alinigeukia, akaniangalia usoni, akasema, "Pole baba. Lakini mimi nikisema nimesikia nitakuwa nimekudanganya."

Tangu Aprili hakuna mtu aliyekuwa ameniambia hivyo. Nyumbani wote walisikia. Kanisani wote walisikia, wakaitikia Amina mahali pasipo na Amina. Tulitoka tukakaa nje kwenye ukuta, mvua ikikaribia kutoka upande wa Mau, na Rael akalia. Mimi nilimshikia mkoba.

Kazi ilianza hapo. Nyambura alinipa mazoezi: kusukuma ulimi dhidi ya kijiko, kufungua mdomo mbele ya kioo, kusema neno na kusimama kabla ya lingine, kumeza mate kwanza ndipo niongee. La mwisho lilikuwa la Rael. Akae akinipa mgongo, nimwambie mambo yasiyo na maana, na aseme alichosikia, asiseme anachojua.

Kumbe hilo la mwisho ndilo lililokuwa gumu. Jioni, baada ya kukamua, alikaa akipukuchua mahindi akitazama dirisha, nami nikasema, "Paka wa pasta amepogoa chai."

"Pasta amekuja kwa chai."

"Paka."

"Si umesema pasta?"

Aliona haya kuniambia hajasikia. Alizoea kunifunika, na sasa nilikuwa namwomba anifunue. Tuligombana. Siku moja alirusha gunzi la mahindi ukutani, akasema, "Unataka niwe mjinga ndani ya nyumba yangu?" Nikamwambia ndiyo, mpaka Desemba. Hakushika neno lolote kati ya hayo, na kwa mara ya kwanza alisema hivyo. "Sijasikia. Rudia." Nilirudia.

Mvua ya mawe ya Oktoba ilipiga chai yetu ikawa vijiti. Kwa muda hakukuwa na majani ya kupeleka kituoni, na tulikaa ndani tukiambiana upuuzi. Jogoo amenunua miwani. Chifu analala ndani ya ndoo. Rael alianza kucheka kabla ya kujibu, na akicheka, nilijua kwamba amesikia. Siwezi kusema nilifurahi. Nilitambua tu kwamba hilo ni jambo la kufurahisha, kama mtu anayesoma kibao cha barabara.

Novemba nilirudi kwa Nyambura. Safari hii alimleta askari wa lango, akamketisha atazame ukuta. Alishika zaidi ya nusu. Nyingine alizivuruga, na moja ilimkera kabisa: "Punda hawezi kuvaa tai, mzee." Nyambura aliandika, akaniambia kwamba r haitarudi, nisiingoje, na kwamba nikichoka maneno yataanguka, kwa hiyo niseme machache na niyaseme mapema.

"Utawauliza nini hao wageni?" alisema.

"Oret yao."

"Hiyo wanajua utawauliza?"

Nilifikiri. "Wanajua."

Alinifungulia mlango.

Wageni walifika Desemba, asubuhi yenye jua, chai ikiwa imechipua tena. Walikuwa wazee watatu na mama mmoja, wakiongozwa na baba yake Kiprono, mzee arap Mutai, mrefu, kofia mkononi. Hakuwahi kuniona. Waliketi sebuleni. Wesley alivaa koti lake la harusi na kukaa karibu nami, karibu sana. Rael aliketi upande wa pili na kibuyu cha mursik. Alinimiminia kikombe, nikakiweka kwenye stuli mbele yangu bila kunywa, ili mdomo ubaki safi.

Maombi yalipokwisha, Wesley alikohoa na kuanza kuinuka. Nikaweka mkono juu ya goti lake. Aliniangalia, akamwangalia Rael. Rael alikuwa anatazama sakafu. Wesley akakaa.

Nilimeza mate. Nikawakaribisha kwa Kipsigis, neno moja moja, nikawauliza wao ni watu wa oret gani.

Mzee arap Mutai alijibu mara moja, akataja oret yao na ya mama yake kijana. Hazikugongana na zetu. Wazee wakaguna vizuri, Wesley akashusha pumzi, na nikaona kwenye uso wa kila mtu kwamba kazi imekwisha, mzee amejitahidi.

Lakini mimi nilijua hilo lilikuwa Baba Yetu. Hata ningepiga mluzi angejibu oret yake. Amekuja kutoka Kipkelion akijua ataulizwa. Na binti yangu alikuwa jikoni akingoja kuitwa, na nilikuwa sijaongea na hawa watu bado.

Nikamwangalia mzee machoni. Nikasema, "Kwenu ng'ombe akikataa kutoa maziwa, nani humwimbia?"

Wesley alifungua mdomo. Niliona midomo ya Rael ikianza kusogea, maneno yangu yakiwa tayari pale, kisha akaibana kwa vidole vyake mwenyewe. Mzee arap Mutai aliinamisha kichwa. Aligeuza kofia yake mikononi. Nikafikiri, hajasikia, ataomba maji niletewe.

"Alikuwa mama ya watoto," alisema. Hakumtazama Rael wala Wesley. Alinijibu mimi. "Alipotuacha, ng'ombe walikataa kabisa. Ikabidi niimbe mimi. Sauti yangu ni mbaya, watoto wanatoroka. Lakini Kiprono anajua ule wimbo. Siku hizi ni yeye."

"Anaimba vizuri?" nikauliza.

"Vibaya kama mimi. Lakini maziwa inatoka."

Wazee walicheka. Cheptoo akaitwa, akasimama mlangoni, nikamuuliza mwenyewe kama anawajua hawa watu. Akasema anawajua. Wengine walianza kuongea wote kwa pamoja, mambo ya harusi ya Aprili, mambo ya mchungaji, na vikombe vikaanza kuzunguka.

Nilimwona Rael akinitazama kutoka upande wa pili. Alijigusa kidevu. Nilichukua kitambaa nikafuta pale pasipo na hisia, na kitambaa kikalowa. Akajigusa tena, safari hii shavuni, chini ya jicho. Nikafuta tena, nikaona haya, nikainama kuangalia ni kiasi gani nimemwaga mbele ya wageni. Kikombe changu kilikuwa kwenye stuli, bado kimejaa.